Mtaa unataka kuweka mtego wa kunguru: ndege wadogo watarudi, au tutajaza panya?

MjumbeWaMtaa

Habari za jioni wadau. Kamati ya mazingira ya mtaa wetu, upande wa Mbezi Beach, imeketi mara mbili kuhusu kunguru, hawa wa India wenye shingo ya kijivu. Malalamiko ni yale yale ya Dar nzima: vifaranga wananyakuliwa, mifuko ya taka inachambuliwa na kusambazwa barabarani, kelele tangu alfajiri. Watu wamekubali kuchanga kwa ajili ya mtego mmoja mkubwa wa waya. Eneo ni kama nusu kilomita ya mraba: nyumba zenye miti, miembe na mikungu kwa wingi, mivinje upande wa baharini, ghuba moja la taka, bucha mbili, na akina mama wa samaki watano au sita.

Kabla hatujatoa hela, kuna hoja mbili zimegawa kikao. Wapo wanaosema tukiwapunguza kunguru, basi chozi, shore na kwera watarudi wenyewe. Wengine wanasema kunguru ndiye anayekula panya na mizoga, tukimtoa tumejiletea panya, nzi na mbwa koko. Nani mkweli? Na mtego wenyewe uwe wa ukubwa gani, chambo gani, na tutoe kunguru wangapi ndiyo tofauti ionekane? Naomba wenye ujuzi, wale wa "nasikia" wapumzike kidogo.

---

Pugi

Mjumbe, pande zote mbili zimeshika nusu ya ukweli, na zote zimelisahau ghuba la taka.

Kunguru mnayemlalamikia si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji, akaenea pwani nzima. Kunguru wetu wa asili ni yule mkubwa zaidi, mwenye kifua na ukosi mweupe, na siku hizi kumwona katikati ya Dar ni bahati. Huyu wa India ameshikamana na binadamu: anazaliana tulipo, anakula tunachomwaga. Kwa hiyo idadi yake haipangwi na mtego, inapangwa na sahani.

Hesabu hii ni ya mfano tu, lakini ndiyo inayowashinda wengi. Tuseme eneo lenu lina uwezo wa kulisha kunguru 400, na kati yao jozi 120 zinatotoa. Jike hutaga mayai 3 hadi 5. Tuchukulie kila jozi inafikisha makinda wawili hatua ya kuruka: hao ni kunguru wapya 240 kwa msimu. Chakula bado ni cha 400, maana yake 240 lazima wafe au wahame kabla mwaka haujaisha, mtego uwepo usiwepo. Sasa nyinyi mkitoa 150 kwa mwaka, mmetoa wale ambao njaa ingewatoa bure. Waliobaki wanashiba zaidi na kutotoa vizuri zaidi. Daftari la mtego litasoma 150, mtapiga picha na magunia, na juu ya mwembe wako 400 wale wale.

Ili idadi ishuke, kinachotoka lazima kizidi kinachozaliwa pamoja na kinachoingia kutoka mitaa jirani. Hapo ndipo nusu kilomita ya mraba inapokuwa ndogo. Kunguru hulala kwa makundi makubwa sehemu moja, asubuhi wanatawanyika kilomita kadhaa kwenda kutafuta. Kunguru wa asubuhi kwenye ghuba lenu huenda kalala mtaa wa tatu. Mtego mmoja kwenye mtaa mmoja ni sawa na kuchota maji baharini kwa kikombe, isipokuwa mpunguze chakula kwa wakati mmoja, na ikiwezekana mitaa miwili mitatu ya jirani ianze pamoja nanyi.

Kuhusu ndege wadogo: kunguru anawaumiza zaidi kwenye kiota kuliko hewani. Anakula mayai na makinda. Lakini si wote wanaumia sawa. Tetere na pugi hujenga jukwaa la vijiti ambalo hata wewe ukisimama chini unaona yai kwa katikati. Hao ndio wa kwanza kupoteza. Shore anajenga kikombe kilicho wazi kwenye kichaka. Kwera wanaoning'iniza viota kwenye makuti, kunguru anakuja, anashika kiota kwa miguu na kukipasua ubavuni. Wanaotaga ndani ya mashimo ya miti hawafikii kirahisi. Kwa hiyo mkifanikiwa kupunguza, tarajieni mabadiliko kwanza kwa tetere na shore, baadaye kwera, na kwa wa mashimoni pengine msione kitu kabisa.

Na hao shore hawasubiri ruhusa ya kunguru peke yake, wanahitaji kichaka. Nyua za Mbezi nyingi siku hizi ni pevingi ukuta hadi ukuta, na mti mmoja wa mapambo uliokatwa kama mpira. Hapo hata mkimaliza kunguru wote wa Afrika Mashariki, shore hatatia mguu.

Jambo la mwisho ambalo kikao hakikuligusa: nafasi ikibaki wazi, nani anaingia? Jibu lake karibu kila mara ni yule aliye jirani na anayekula kile kile. Hapa Dar huyo ni maina, naye mgeni kutoka Asia, anayetaga kwenye mashimo na matundu ya paa. Yeye hapasui kiota cha kwera, lakini anawanyang'anya mashimo wale wale ambao kunguru alikuwa hawafikii. Mkipunguza kunguru huku mapaa yana matundu, mnaweza kuwa mmehamisha shida kutoka kwa tetere kwenda kwa kwezi na zuwakulu. Zibeni kwa wayameshi ya nusu inchi, na mzibe kabla ya mtego kuanza.

Kisiwa cha Macquarie, kule kusini mwa Australia, walimaliza paka wa mwitu mwaka 2000 ili kuokoa ndege wa baharini. Sungura, ambao paka walikuwa wakiwala, waliongezeka wakaparua miteremko ikabaki udongo mtupu, na ndege wakapoteza maficho. Wataalamu walibishana kama kosa lilikuwa la kuondoa paka au la virusi vya kuwapunguza sungura ambavyo makali yake yalikuwa yamepungua, pengine vyote viwili. Ikabidi warudi kumaliza sungura, panya na vipanya, kazi iliyotangazwa kukamilika 2014. Ubishi huo ndio wenye mafunzo kuliko kisa chenyewe: hawakuwa wakipima vitu vyote kwa pamoja, ndiyo maana walibaki kukisia.

---

FundiTundu

Pugi kasema ya kimsingi, mimi niende kwenye mbao na waya.

Mtego unaofaa ni ule wa ngazi. Urefu mita 2, upana mita 2, kimo mita 2. Fremu ya mbao za mbili kwa mbili, kila upande paneli yake, zifungwe kwa bolti si misumari, kwa sababu mtauhamisha. Waya: wayameshi ya mraba wa inchi moja. Msiweke wavu mwepesi wa kuku. Unalegea, kunguru wanaufanyia kazi kwa mdomo hadi unafunguka. Tundu la inchi moja pia linawaachia tongo na chozi watoke wenyewe wakiingia kwa bahati mbaya. Mlango pembeni, sentimita 60 kwa 120, komeo na kufuli. Kufuli si mapambo. Watoto watafungua.

Paa ndilo mtego wenyewe. Pande mbili za paa ziteremke kuelekea katikati kama herufi V, na chini ya V ilazwe ngazi inayokwenda kutoka mwisho hadi mwisho, upana wa sentimita 35 hivi, ikae mita 1.3 kutoka ardhini. Nafasi kati ya kidato na kidato ni sentimita 15 hadi 18. Kunguru anatua kwenye ngazi, anatazama chakula, anafunga mabawa na kudondoka ndani. Kutoka lazima aruke, na kuruka lazima afungue mabawa yenye upana wa sentimita 80 hivi. Hapiti. Kwenye mbao za pembeni za ngazi ning'inizeni vipande vya binding waya vya sentimita 30, kila baada ya sentimita 10, visivyo na ncha kali, ili anayepanda pembeni akumbane navyo.

Kosa ninaloliona kwenye mitego mingi ni fimbo ya kutulia kuwekwa chini ya ngazi. Hapo umemjengea kunguru ngazi ya kutokea: anaruka kwenye fimbo, kutoka fimbo anadunda mara moja, ameshika kidato, kwaheri. Fimbo ziwe kwenye ncha mbili za mtego, mbali na ngazi, na kimo chake kisizidi mita moja.

Mtego mtupu haukamati. Kunguru anaamini kunguru mwenzake, kwa hiyo mnahitaji wanne hadi sita wa kuvutia wanaobaki ndani wakati wote. Wahenga walisema kunguru hafugiki, lakini hawa lazima muwafuge: kivuli cha kuti upande mmoja wa paa, maji safi kila siku kwenye beseni zito, chakula asubuhi na jioni. Kunguru mwenye kiu anajikunyata kimya, na walio juu wakimwona vile hawashuki. Kuwapata wa kwanza, acheni mlango wazi wiki nzima na chakula ndani, kisha mufunge kwa kamba kutoka mbali siku ya nane.

Chambo: matumbo ya samaki, mapupu, mkate, yai lililopasuliwa. Weka kwenye trei nyeupe chini ya ngazi ionekane kutoka juu. Badilisha kila siku, kilichooza kinaleta nzi kuliko kunguru.

Eneo: wazi, mita 15 au 20 kutoka kwenye mti wanaotua kuangalia, karibu na wanapokula, si wanapolala. Kagueni mara mbili kwa siku. Kunguru mwenye kifua cheupe, tetere, mwewe, wote watoke hapo hapo. Mwewe mfunike kichwa kwa kitambaa kwanza, kucha zake si mchezo.

Kutoa: baada ya saa mbili usiku, watu wawili, tochi hafifu, glavu za ngozi. Gizani kunguru anatulia na wenzake hawaoni. Kuua ni kwa kuvunja shingo, mmoja mmoja, na anayejua. Mumtumie mtu wa mifugo awaelekeze. Kuwazamisha ndani ya pipa au kuwaacha ndani ya gunia juani ni ukatili, na hakuna sababu. Mkiwaua mchana mbele ya kundi, kundi linakariri mahali na sura. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Mtego huo mtautazama tu kwa wiki kadhaa.

Samaki wakipungua unahamisha nyavu: wiki mbili mfululizo mkipata mmoja au wawili kwa siku, hamisheni mtego mita 300, au uacheni mlango wazi na chakula kwa mwezi.

Kibali kabla ya yote. Kunguru naye yuko chini ya sheria ya wanyamapori ya 2009. Anzieni kwa mtendaji wa mtaa, kisha ofisi ya maliasili ya manispaa, watawaelekeza kwa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori.

---

Mtu_wa_Feri

Mbao, bolti, ngazi, kibali... hela yote hiyo ya nini? Sumu ya buku mbili tatu kwenye utumbo, wiki moja kazi imekwisha.

---

GhubaSafi

Mtu wa Feri, hiyo kazi "itakwisha" kwa kuanzia na mbwa wa jirani. Sumu za wadudu zinazochanganywa na nyama hazichagui, zinamuua anayefika kwanza, kisha anayemla aliyekufa. Zile za jamii ya karbofurani ndizo zilizoua tai na simba sehemu nyingi za Afrika Mashariki kwa mtindo huo huo wa nyama iliyotiwa sumu. Sumu za kawaida za panya zinabaki kwenye ini la panya siku kadhaa, bundi akimla naye anapata dozi yake. Umemtoa kunguru, ukamtoa bundi, na huyo bundi ndiye alikuwa mkamata panya wa kweli. Acha mtoto akiokota kile kipande cha utumbo.

Ipo sumu maalumu inayotumiwa kwa kunguru, Starlicide. Ilitengenezwa Marekani kwa ajili ya ndege waharibifu, inaharibu figo, na kunguru anakufa taratibu ndani ya siku moja hadi tatu. Sifa yake ni kwamba inavunjika haraka ndani ya mwili wa ndege, kwa hiyo anayekula mzoga hapati nyingi. Ndiyo iliyotajwa Kenya mwaka 2024 walipotangaza kupunguza kunguru milioni moja pwani. Lakini msidanganyike kwamba inamchagua kunguru peke yake: kuku, njiwa na bundi nao ni wepesi kudhurika nayo. Wanaoijua huanza kwa kuweka nyama ile ile bila sumu kwa siku kadhaa, wakikaa na darubini kuona nani anakuja. Wakimwona ndege asiyehusika, mahali hapo hapatiwi sumu. Kilichobaki kinaokotwa kipande kwa kipande. Hiyo ni kazi ya wenye mafunzo na kibali, chini ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, si ya kamati ya mtaa.

Sasa panya, maana hapo ndipo kikao chenu kiligawanyika. Kunguru hukamata kitoto cha panya akikiona, ni kweli. Ila kumwita mdhibiti wa panya ni kumpa cheo kisicho chake. Yeye anafanya kazi mchana, panya anatoka usiku. Uhusiano wao mkubwa ni mabaki: kile kunguru anachokimaliza kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, panya hakikuti usiku. Kwa hiyo upande wa pili wa kikao wana hoja, sababu tu ndiyo wameikosea. Mkitoa nusu ya kunguru na taka zikabaki zile zile, kuna kilo kadhaa za chakula kila jioni zinazobaki mezani, na wateja wa zamu ya usiku ni panya, paka na mbwa.

Somo la mbwa liko India kwenyewe. Kuanzia miaka ya 1990 tumbusi wa kule walianguka kwa zaidi ya asilimia 90, kwa sababu ya diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Tumbusi akila mzoga figo zinakufa. Mizoga ikabaki, mbwa koko wakaongezeka, na hofu ya kichaa cha mbwa ikapanda nao. Serikali ikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Kunguru wa Dar si tumbusi, sitaki kumpamba. Ila kanuni ni moja: ukimwondoa mla mabaki, ondoa mabaki.

Kwa mtaa wenu, fanyeni hivi wiki sita kabla ya mtego. Ghuba lizungushiwe wayameshi pande zote na juu, na mlango wa kusukuma. Gari la taka likipita mara mbili kwa wiki, mifuko itoke nyumbani asubuhi ya siku ya gari, si jioni ya jana. Bucha ziwe na ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana kwa ajili ya mabaki. Akina mama wa samaki ndio wenye shida zaidi, kwa sababu magamba na matumbo yanamwagwa na maji kwenye mfereji. Wapeni chujio: ndoo iliyotobolewa chini, juu ya ndoo nyingine, kigumu kibaki juu na maji yapite. Kigumu kifukiwe au kipelekwe kwa wafuga bata siku hiyo hiyo. Msiwafukuze. Ukimfukuza mama wa samaki anahamia mtaa wa pili na kunguru wake wanabaki kwako wakitafuta mabaki ya jirani.

---

MjumbeWaMtaa

Nashukuru sana, mmetufungua macho. Maswali mawili. Moja: tutajuaje kama inafanya kazi, tukiacha kuhesabu magunia? Pili: kuna kijana anasema tuvunje viota tu, hakuna haja ya kuua.

---

Pugi

La kwanza. Pimeni vitu vinne, na mvipime kabla ya mtego, mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Bila hiyo "kabla", baadaye mtakuwa mnasimuliana.

Kunguru na ndege wengine: chagueni vituo 10, umbali wa mita 200 hivi kati yao. Mtu anasimama dakika 10 kila kituo, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili na nusu asubuhi, anaandika kila ndege anayemwona au kumsikia ndani ya mita 50. Mtu yule yule, saa zile zile, siku isiyo na mvua. Na mtafute mtaa mwingine unaofanana na wenu usio na mtego, vituo 10 vile vile. Huo ndio utakaowaambia kama shore wameongezeka kwa sababu yenu au kwa sababu mvua za mwaka huu zilikuwa nzuri kila mahali.

Viota: hiki ndicho kipimo ninachokipenda. Chukueni kifumbu kidogo cha nazi kilichochakaa, kitieni nyasi, mkifunge kwenye tawi kimo cha mita mbili. Ndani wekeni yai moja la kware na yai moja la plastisini la ukubwa ule ule, lililofungwa kwa waya mwembamba lisibebwe. Viota 20, siku saba. Siku ya saba msome yai la plastisini kama unavyosoma alama ya muhuri. Mdomo wa ndege unaacha shimo la pembetatu, au mkandamizo mmoja juu na mmoja chini kama koleo. Panya anaacha mistari miwili midogo sambamba, imejirudia kama mtu aliyekwangua kwa uma. Paka anatoboa matundu ya duara yaliyo mbalimbali. Yai la kware linawaambia kiota kimeliwa. La plastisini linawaambia na nani.

Panya: trei 20 zenye majivu yaliyochekechwa, unene wa nusu sentimita, usiku mmoja kando ya kuta na mifereji. Asubuhi hesabuni ngapi zina nyayo. Chakula: pimeni kwa mizani mabaki yanayookotwa kuzunguka ghuba saa kumi na mbili jioni.

Baada ya miezi sita rudieni yote. Kunguru wakiwa wameshuka nusu na mayai yaliyodonolewa yameshuka, endeleeni. Kunguru wameshuka lakini viota bado vinaliwa, na plastisini ina mistari miwili, basi mmebadilisha mwizi: funga mtego, rudi kwenye ghuba. Kunguru hawajashuka kabisa na magunia yamejaa, someni tena hesabu ya 240.

Kwenye daftari la mtego andikeni wakubwa na wadogo mbali mbali. Fungua mdomo: kinda la mwaka huu ndani ni la waridi, mkubwa ni mweusi. Mtego ukijaa makinda watupu mnafurahia bure, wengi wao wasingefika mwaka. Kwenye pwani yetu wengi hutaga mwishoni mwa mwaka, kuanzia kama Septemba, kwa hiyo nguvu kubwa ielekezwe Juni hadi Agosti. Mkubwa mmoja aliyetoka Agosti ana uzito kuliko makinda kadhaa wa Februari.

Na si lazima mabadiliko yote yawe mabaya, maana nimewatisha sana. Serengeti, sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa ukiua nyumbu pia, ilipodhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe, nyumbu walipanda kutoka kama robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja miaka ya 1970. Nyumbu wakala nyasi, nyasi zikapungua, moto ukakosa cha kuchoma, miche ya miti ikanusurika, na miti ikaongezeka. Aliyechanja ng'ombe hakuwa na habari na mgunga.

---

FundiTundu

La viota: kijana ana hoja, ila wakati ndio kila kitu. Mkivunja kiota kitupu, jozi inajenga kingine ndani ya siku chache. Mkivunja chenye mayai ya jana, anataga tena. Jike huatamia siku 16 au 17. Subirini apite siku kumi ndipo mtoe, hapo ameshatumia nguvu na muda wa msimu. Toeni kiota kizima. Viota vyao vya Dar vina nyaya nyingi za ujenzi, binding waya na vipande vya hanga. Mkiacha nyaya chini ya mti anazirudisha juu zile zile. Glavu, na anayepanda afungwe kamba. Mkungu matawi yake hayana uaminifu.

Mayai yake ni ya kijani-samawati yenye madoa ya kahawia, na ya kunguru wa kifua cheupe yanafanana nayo mno. Kwa hiyo msiamue kwa yai. Kaeni chini ya mti dakika 20 kabla ya kuegesha ngazi, mpaka mwenye kiota arudi mmwone shingo. Akiwa wa kifua cheupe, au mwewe, shukeni na ngazi yenu.

---

GhubaSafi

Nyongeza ndogo: wafu wafukiwe kina cha mita moja, chokaa juu, mbali na kisima, siku ile ile. Wasitupwe kwenye ghuba, mtakuwa mnawalisha mbwa. Mkiokota kunguru waliokufa wenyewe wengi kwa siku moja, msiwaguse, mwiteni daktari wa mifugo wa kata kwanza. Inaweza kuwa mdondo au mafua ya ndege, na kuku wenu wako hapo hapo uani.

---

MjumbeWaMtaa

Nimechapisha yote, Jumamosi napeleka kwenye kikao. Mtego tumesogeza hadi Juni. Mwezi huu tunaanza na ndoo za bucha na machujio ya samaki. Plastisini inauzwa wapi kwa bei ya jumla?

---

Pugi

Maduka ya vifaa vya shule Kariakoo. Chukua ya rangi ya maziwa, isiyo na harufu. Yenye harufu inamwita panya na kipimo chako kinaharibika.